Soseji za Asubuhi: Tuzihifadhi na Kuzipika kwa Uangalifu

Katika familia nyingi mgeni akifika, chai ya asubuhi huongezewa soseji au kababu za nyama ya ng'ombe. Ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Lakini nyama ya kusaga ina hatari kuliko nyama ya kipande, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee na mama wajawazito.

Kwa nini? Katika kipande cha nyama, vijidudu hukaa hasa upande wa juu, na moto huviua upesi. Nyama ikisagwa, vijidudu hivyo huchanganyika hadi ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua, na watoto 4 wakafariki, kwa sababu ya nyama ya kusaga ambayo haikuiva vizuri.

KUNUNUA NA KUHIFADHI

Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe kabisa, maana yaweza kuwa na kimeta.

Nyama ya kusaga isikae nje zaidi ya saa 2, na kwenye joto kali la Same mjini isizidi saa 1. Kwa hiyo, mama unayepanda gari kurudi Mbaga au Mamba, fanya shughuli zako zote kwanza, nyama iwe ya mwisho. Afadhali zaidi ununue kipande, ukakisage nyumbani.

Wengine husema, "Huku milimani kuna baridi, nyama haiharibiki." Wanajidanganya. Friji hutakiwa kuwa na nyuzi 4 au chini yake, na baridi ya jikoni kwetu haifiki hapo. Asiye na friji apike siku ileile na chakula kimalizike.

Mwenye friji aweke soseji mbichi kwenye bakuli lenye mfuniko, rafu ya chini, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Zitumike ndani ya siku 1 au 2. Kwenye friza hukaa mwezi 1 hadi 2. Ziyeyushe ndani ya friji, si mezani. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

KUPIKA

Ng'ombe wetu wa tambarare hula majani machungani, na nyama yao haina mafuta mengi. Ukitumia moto mkali, soseji huungua nje na ndani hubaki mbichi. Punguza mkaa. Weka mafuta kijiko kimoja na maji vijiko vichache, funika kwa dakika 10 hivi huku ukigeuza, kisha funua zikauke na kupata rangi.

Usiamini rangi peke yake. Nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla haijaiva. Joto la katikati lifike nyuzi 71. Kama huna kipimajoto, kata soseji moja iliyo nene: iwe ya moto sana hadi katikati, isiwe laini kama mbichi, na maji yake yawe meupe. Ukiwa na shaka, irudishe motoni.

Osha kwa sabuni mikono, kisu na ubao kabla ya kukata mkate au matunda. Na mtoto akiharisha damu, usingoje: mpeleke zahanati siku hiyohiyo.