PIMA CHENI YA BAISKELI YAKO KWA RULA

Ndugu msomaji, je, unayo baiskeli? Kama unayo, unaijua kazi yake. Inapeleka mahindi mashineni. Inabeba madumu ya maji. Pengine imewahi kumfikisha mgonjwa zahanati. Nguvu yote ya miguu yako hupitia kwenye cheni. Cheni ikiruka meno wakati unapanda mlima na mzigo, mguu huteleza na wewe huanguka. Kama baiskeli yako ina breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, hatari ni kubwa zaidi. Cheni ikitoka mteremkoni, breki hiyo huna tena.

Watu wengi husubiri mpaka cheni ikatike. Hakuna haja ya kusubiri. Rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30, inaweza kukuambia hali ya cheni yako leo.

CHENI INA PINGILI KAMA MUWA

Itazame cheni kwa makini. Ina pingili kama muwa: moja nyembamba, inayofuata pana, kisha nyembamba tena. Pingili mbili zinapokutana pana pini. Kutoka pini moja mpaka pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Baiskeli za kawaida zina kipimo hicho hicho, ziwe zimetoka China au India. Meno ya mbele na ya nyuma nayo hukatwa kwa kipimo hicho. Cheni ya namna hii ilibuniwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880.

Utasikia watu wakisema cheni "imevutika", kana kwamba ni mpira. Sivyo. Vibati vya chuma havikuvutika. Kinacholika ni pini, pamoja na kibomba kidogo kinachoizunguka. Vumbi huingia humo, huchanganyika na mafuta, kisha husaga chuma kama msasa. Kila pini hulika kidogo sana, hata jicho halioni. Ndiyo maana hatupimi pingili moja. Tunapima ishirini kwa pamoja, ili ulaji wa zote ujumlishwe na kuonekana.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza futa tope na mafuta machafu. Kama cheni ina kava, lifungue. Mwombe mwenzako ashike gurudumu la nyuma lisizunguke. Wewe bonyeza pedali kwa mkono mpaka cheni ya upande wa juu ikaze. Cheni iliyolegea hutoa kipimo cha uongo.

Sasa chukua rula. Usianzie kwenye ncha, maana rula nyingi ncha zake zimelika. Anzia kwenye namba 1. Weka namba hiyo sawasawa na ukingo wa kushoto wa pini yoyote. Pini hiyo usiiite moja. Hiyo ni sufuri. Inayofuata upande wa kulia ndiyo moja. Endelea kuhesabu mpaka ishirini, kisha soma rula kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya ishirini.

Cheni mpya itasoma sentimita 26 na milimita 4. Ondoa ile sentimita 1 uliyoanzia. Zinabaki sentimita 25 na milimita 4, ndizo inchi 10. Ukipata kama sentimita 25 na milimita 1, cheni haina kosa. Umeihesabu pini ya kwanza. Rudia.

Ikisoma sentimita 26 na milimita 5, endelea kuitumia, lakini anza kuweka akiba. Ikifika 26 na milimita 6, nunua nyingine. Ikiwa ni 26 na milimita 7 au zaidi, umechelewa, na huenda meno nayo yamelika. Zungusha pedali upime mahali patatu, kwa sababu cheni hailiki sawa kila mahali. Kinachohesabika ni kipimo kikubwa kuliko vyote.

Utasema, milimita mbili ni kitu gani? Ni gharama, ndugu. Cheni iliyolika haikai vizuri kati ya jino na jino. Hupanda juu na kuyala meno mpaka yapinde kama ndoana. Ukifunga cheni mpya juu ya meno hayo, itaruka. Hapo utalazimika kununua frewili, na pengine gurudumu la meno la mbele pia. Aliyepima mapema hununua cheni tu.

KUPUNGUZA SI KUTENGENEZA

Cheni ikilegea, fundi huvuta gurudumu la nyuma, au hukata pingili mbili. Cheni hukaza na mwenye baiskeli hufurahi. Lakini pini zilizobaki ni zile zile zilizolika. Ipime tena kwa rula baada ya kukatwa, utaona kipimo hakikubadilika. Kupunguza huondoa ulegevu tu.

Kinachosaidia ni usafi. Pangusa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto. Ikikauka, dondosha tone la mafuta ya cherehani au ya injini kwenye kila pingili. Zungusha pedali, kisha futa mafuta yote ya nje. Mafuta ya nje hayana kazi ila kunasa mchanga. Mafuta ya kupikia usitumie, huganda kama gundi.

UKIENDA DUKANI

Nenda na rula yako. Mwambie mwenye duka uinyooshe cheni juu ya meza kabla hujalipa. Pini ishirini zisome sentimita 25 na milimita 4, ukiwa umetoa ile 1 ya mwanzo. Angalia upana pia. Baiskeli za gia hutumia cheni nyembamba, nayo haiwezi kuingia kwenye meno manene ya baiskeli ya kawaida. Kwa hiyo chukua na kipande cha cheni yako ya zamani, uvilinganishe pale pale.