Unataka Kukimbia Mbio za Baiskeli?

Jioni moja kijana wa kartie yetu ya Ngezi alinijia nyumbani. Alikuwa ametoka Mongbwalu, machimboni, baada ya miezi minne. Wewe unayeishi sehemu za dhahabu unajua jinsi vijana wanavyorudi kutoka kule: ama hana kitu, ama ana kitu kidogo kinachomchoma mfukoni. Huyu alikuwa nacho kidogo. Akaniambia, "Papa, nataka kununua velo ya mbio. Kazi ya kubeba mizigo ninaacha. Watu wote wanasema mimi niko na miguu."

Miguu anayo kweli. Kabla ya kwenda machimboni alikuwa akibeba samaki katika njia ya Kasenyi. Kama hujaipita njia ile, nikueleze kidogo. Bunia iko juu, meta 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, meta 600 na kitu. Basi yule anayetoka ziwani na samaki anapanda meta zaidi ya 600 kufika Bogoro, mzigo nyuma, fimbo imefungwa kwenye usukani, jasho linaingia machoni. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka miwili si mtu wa kuchezewa.

Alikuja kwangu sababu amesikia kwamba zamani nilikimbia. Kweli nilikimbia, mara tatu tu, wala sikushinda hata mara moja. Nikamwambia aketi. Yale niliyomwambia nakuandikia wewe pia, maana najua katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna kijana kama huyu, na kuna mzazi ambaye hajui amjibu nini.

Mara ya kwanza ilikuwa 30 Juni 1995, sikukuu ya uhuru. Tulikuwa vijana thelathini hivi, kila mmoja na velo yake ya chuma, isiyo na vitesi. Ilikuwa kwenda upande wa Bogoro, kuzunguka pipa lililowekwa njiani, na kurudi mjini. Mimi nilikuwa nimebeba samaki mwaka mzima, na moyoni nilisema, hawa watoto wa mjini wataniona mgongo tu. Kipenga kilipolia, nikatoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilipogeuka kutazama, walikuwa mbali sana. Watu wa kando ya njia wakapiga kelele, nikazidi kukanyaga.

Je, unafikiri nini kilitokea? Upepo ulikuwa unakuja mbele yangu, nami nilikuwa peke yangu. Baada ya kilometa kama kumi nikasikia sauti nyuma. Walikuwa wanaongea! Walikuja wote pamoja, kundi moja, mmoja mbele, wengine wamejificha nyuma yake, na yule wa mbele akichoka anajitoa kando, mwingine anashika nafasi. Wakanipita. Mmoja akanicheka, "Unakimbia namna gani peke yako, ndugu?" Nilijaribu kuwashika, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Halafu ikanijia ile njaa ya ghafla. Macho yakaona giza, mikono ikatetemeka, maana asubuhi nilikunywa chai tupu kwa kuogopa kuwa mzito. Nilimaliza nikitembea kwa miguu, velo mkononi, na mama mmoja wa sokoni akanipa ndizi mbili bila kudai pesa. Ndizi zile sitazisahau.

Hilo la kundi ndilo jambo ambalo mtu wa kubeba mizigo halijui, kwa sababu mzigo unabebwa polepole, na katika mwendo wa polepole upepo si kitu. Lakini ukikimbia kilometa 35 au 40 kwa saa katika njia sawa, adui wako mkubwa si uzito wala umbali, ni hewa. Sehemu kubwa ya nguvu yako inakwenda kuipasua. Yule anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, kwa nafasi ya shubiri chache, anaokoa karibu robo ya nguvu zake, na ndani ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Mwenye miguu dhaifu aliyejificha vizuri anamshinda jitu lililokimbia peke yake. Wafaransa wanaliita kundi hilo peloto, na hata kwetu wanaojua mchezo wanasema hivyo.

Mara ya pili nilijidai nimejifunza. Nikashika gurudumu la mtu kama kupe. Lakini kushika gurudumu kuna hesabu yake: hutazami gurudumu, unatazama mabega ya yule wa mbele na njia iliyo mbele yake. Mimi nilitazama gurudumu. Alipokwepa shimo, gurudumu langu la mbele likagusa lake la nyuma, na anayeanguka siku zote ni yule wa nyuma. Nilichubuka kiwiko na goti, na vijana wawili wakaangukia juu yangu. Tena mbio hizo zilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya ibada, na mama yangu hakuniongelesha mpaka Jumatano. Mzazi unayesoma hapa, ujue mapema: mbio nyingi za barabarani zinafanywa Jumapili, sababu njia haina magari mengi. Mliongelee nyumbani kabla, si asubuhi ile ile mtoto akiwa ameshika pompi mkononi.

Mara ya tatu nikawa wa saba. Watatu wa kwanza walipewa zawadi; wa saba alipewa soda. Niliinywa polepole sana.

Wale wa Rwanda

Kijana wangu hakuridhika. Akasema, "Lakini Papa, wale wa Rwanda walitoka kwenye mizigo, na sasa wanapanda ndege." Hapo alisema kweli nusu, na hiyo nusu ni nzuri kuijua.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunaijua chukudu, ile velo ya mbao inayobeba viazi na makaa. Goma wameisimamishia hata sanamu. Huko Rwanda pia zipo velo za mbao, na mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alianzisha huko mashindano yaliyoitwa kwa jina la hizo velo za mbao. Baadaye likatokea kundi la wakimbiaji wa taifa. Mmoja wao ni Gasore Hategeka, yatima, aliyekuwa akibeba viazi na abiria katika njia ile ya milima kati ya Ruhengeri na Gisenyi. Wakimbiaji walipopita kwa mazoezi, yeye aliwafuata na velo yake. Mwandishi Philip Gourevitch aliandika habari zake mwaka 2011, na watu wengi wa nchi za mbali wakamjua kijana wa viazi.

Lakini angalia jambo moja. Gasore hakuacha mzigo ndipo akaanza kukimbia. Aliwafuata kwanza, akiwa bado na kazi yake, mpaka wakamwona. Na alipoingia kundini alikuta watu waliotangulia kwa miaka mingi. Abraham Ruhumuriza alikuwa ameshinda mbio za kuzunguka Rwanda mara tano kati ya 2002 na 2007. Adrien Niyonshuti, ambaye alipoteza ndugu zake sita mwaka 1994, alisaini na kundi la Afrika Kusini mwaka 2009, na mwaka 2012 akabeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London. Unajua alikuwa wa ngapi katika mbio zake za baiskeli za milimani kule? Wa 39. Na Rwanda walimshangilia, kwa sababu alimaliza.

Mbio za kuzunguka Rwanda zilianza 1988, na tangu 2009 zimo katika kalenda ya chama cha dunia. Hata hivyo ilichukua mpaka 2014 ndipo Mnyarwanda, Valens Ndayisenga, akazishinda katika hali hiyo mpya. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Hata wakubwa walianza kwa aibu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa mtoto alifuata baiskeli za vijana wa David Kinjah kule Kikuyu. Mwaka 2006 alikwenda kuikimbilia Kenya katika mashindano ya dunia ya vijana pale Salzburg, Austria. Mbio za kukimbia mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Alitoka tu mwanzoni, akamgonga mwamuzi, wakaanguka wote wawili! Akainuka, akapanda tena, akamaliza. Huyo ndiye aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mimi niliposoma habari hiyo nilikumbuka kiwiko changu nikacheka peke yangu.

Na nyinyi mabinti, msifikiri ni habari ya wavulana tu. Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikimbia mashindano ya dunia ya barabarani pale Richmond, Marekani, mwaka 2015. Kabla yake hakuna mwanamke Mwafrika mweusi aliyekuwa amefika hapo.

Siku ya Kigali

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali. Tarehe 28, siku ya mwisho, wanaume walikimbia kilometa 267 na nusu, kupanda na kushuka. Kilima kimoja kina mawe yaliyopangwa, kama kupanda Bogoro juu ya ngazi. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Lakini mimi namba iliyonigusa ni nyingine. Walitoka zaidi ya watu 160, wakafika 30. Wengine wote, watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wenye daktari na fundi na gari nyuma yao, waliacha njiani. Basi kijana aliyeachwa katika mbio yake ya kwanza hapa Bunia asijifungie nyumbani kwa haya.

Kijana aliuliza juu ya bei. Nikamwambia bila kuficha. Velo wanazopanda wale wa Kigali, nyingi zinapita dola 10,000 moja. Ni dola, wala si franka. Kwa pesa aliyokuwa nayo angepata velo ya mbio iliyotumika, yenye matairi membamba kama kidole, na ukitazama njia zetu unajua yale matairi yatakaa wiki ngapi. Shambere zake huzipati dukani hapa kwa urahisi. Mtu anakuletea kutoka Kampala, ukiomba vizuri.

Halafu nikamwambia juu ya Suleiman Kangangi, na hapa tulinyamaza kidogo wote wawili. Kangangi alikuwa Mkenya, wa tatu katika mbio za kuzunguka Rwanda mwaka 2017, mtu aliyewavuta vijana wengi wa Kenya na Uganda katika mchezo huu. Tarehe 27 Agosti 2022, katika mbio za njia ya changarawe kule Vermont, Marekani, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi, akafa. Alikuwa stadi kuliko mimi na wewe. Sikumwambia kijana ili kumtisha. Lakini yeye anazoea kushuka Bogoro kwenda Kasenyi bila kofia, na freni yake ni kandambili anayoibana kwenye gurudumu.

Ukiniuliza mimi, mzazi, unamjibuje mtoto wako? Usimwambie "hapana" bure, na usimpe pesa ya ng'ombe. Mwulize: utakimbia na nani? Kama hana jibu, bado si wakati wa velo mpya. Wakimbiaji wanne wenye velo za chuma, wanaobadilishana mbele kila dakika chache, wanajifunza zaidi kuliko mmoja mwenye velo ya Ulaya. Mwulize tena: utakula nini asubuhi ya mbio? Ugali au viazi vitamu saa tatu kabla, na ndizi mfukoni, ile kidogo kidogo, kabla njaa haijafika, maana ikifika umechelewa. Na maji, hata kama husikii kiu.

Kijana aliondoka usiku, uso wake si wa furaha sana. Nilifikiri nimempoteza. Lakini baada ya wiki mbili nikamkuta pale kwa fundi wa velo. Alikuwa amenunua kofia, freni mpya za mbele na nyuma, na mnyororo. Velo ni ile ile ya samaki, ameondoa keria tu, na keria anaiweka nyumbani, sababu Jumatatu anairudisha kwa ajili ya mzigo. Pesa nyingine alimpa dada yake ya masomo.

Sasa wako wanne. Siku ambazo njia ni salama wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, wanafuatana kama bata. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu akiwa amechubuka kiwiko cha kushoto, mahali pale pale pangu.

"Ulitazama gurudumu?" nikamwuliza.

"Nilitazama gurudumu, Papa."

Mama wa watoto akaenda kuchemsha maji ya chumvi.