Joto la Moshi Katika Injini Iliyotiwa Tabo

Miongoni mwa magari yanayopanda na kushuka njia za mbuga za Tanzania na Kenya, ni machache yaliyozoeleka kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, mashine ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1990, na ambayo sifa yake ni uvumilivu wala si mbio. Lakini kwa kuwa binadamu haridhiki, wenye magari hayo aghalabu huwaendea mafundi wakataka yafungwe tabo, yaani kile kipulizo kinachozungushwa na moshi utokao, kikasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Kazi ikiisha, gari hukwea kwa wepesi ambao halikuwa nao, na mwenyewe hufurahi, hata siku atakapofunga geji ya kupima joto la moshi akauona mshale umevuka nyuzi 700 za sentigredi ilhali mlima haujafika nusu.

Kwa injini ya petroli, mafuta yakipungua kidogo ndipo harara huzidi; ya dizeli ni kinyume chake. Yenyewe humeza hewa yote iwezayo kuipata, na dereva anapokanyaga pedeli huwa anaongeza mafuta. Kilo moja ya dizeli yataka takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, walakini kwa kuwa mafuta hayana wasaa wa kuchanganyika na hewa sawasawa, injini hudai ziada kubwa juu ya hapo, na ikiikosa hutoa moshi mweusi na joto kali kwa pamoja. Kwa hiyo tabo haileti nguvu. Huleta hewa, na hewa hiyo ni idhini tu ya kuongeza mafuta, idhini ambayo mafundi wengi huitumia kupita kiasi.

Aluminiamu tupu huyeyuka karibu na nyuzi 660, nayo pistoni husalimika kwa sababu moto huigusa kwa kitambo kifupi tu, kisha oili na ringi zikaliondoa joto. Moto huo ukidumu kwa dakika nyingi bila kupoa, kichwa cha pistoni hulainika na silinda hedi hufanya nyufa baina ya valvu. Geji ya maji haitamwonya mtu, kwani maji ni mazito ya kupokea habari, na yatakapochemka madhara yatakuwa yamekwisha kupita.

Kabla ya kushika spana, uulizwe kwanza ukweli wa geji yenyewe. Kijiti chake kikichomekwa mbele ya tabo husoma joto halisi litokalo kwenye silinda. Kikichomekwa nyuma, gari likiwa na mzigo, huweza kusoma pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi, maana moshi umekwisha kutoa sehemu ya joto lake katika kuzungusha tabo. Anayejisifu kuwa gari lake halivuki 600, na kijiti kipo nyuma, hana haki ya kutulia.

La pili ni kuuliza joto hupanda wakati gani. Likipanda pale tu gari linapokokotwa kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, dereva ndiye wa kurekebishwa, wala si injini. Likizidi kwenye nchi za juu kuliko bondeni, ikumbukwe kwamba hewa hupungua uzito kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi kila mita 1,000, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro umevuka mita 2,200. Pampu iliyopangwa Dar es Salaam, kando ya bahari, haina habari na hayo. Ama joto lililozuka ghafla katika njia ileile na kwa mzigo uleule, hilo lina chanzo kilichoharibika, na aghalabu kipo upande wa hewa.

Hapo ndipo inapofaa kukawia. Eya klina ifunguliwe, kwani vumbi la njia za mbuga huiziba upesi. Kisha kila hosi kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini ikaguliwe kwa vidole, hasa chini ya klampu, mahali pasipoonekana kwa jicho la juu juu. Hewa ya tabo hubeba mvuke kidogo wa oili, na penye ufa mvuke huo hutoka, vumbi likanasa, ukaachwa ukanda mweusi wenye unyevu. Fundi mwenye hikima hujaza hewa ndani ya hosi, akapaka maji ya sabuni, akangoja mapovu. Ufa mdogo una hatari kubwa kwa 1HZ kuliko kwa gari lililoundwa kiwandani na tabo, kwa sababu pampu yake ya asili haina kifaa cha kupima msukumo wa hewa: hewa ipungue isipungue, mafuta hutoka yaleyale.

Hewa ikionekana salama, hubaki nozeli zinazotonesha, bomba la moshi lililo jembamba mno, breki zinazoshika, na tairi kubwa kuliko kipimo. Baada ya hizo ni timingi ya pampu: mafuta yakichelewa kuingia, huungua pistoni ikiwa imekwisha kushuka, na joto lililopaswa kusukuma gari hukimbilia kwenye ekzosi. Mwisho ni skrubu ya mafuta, ambayo mara nyingi hukutwa imekazwa ndani kuliko ilivyotoka kiwandani. Irudishwe kidogo kidogo, na kila mara gari lijaribiwe katika mlima uleule, kwa gia ileile na mzigo uleule, mpaka mshale utulie chini ya 700 pedeli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Mwenye gari atalalamika kwamba nguvu imepungua, na ndivyo ilivyo. Na kama ni mtu wa kuvuta trela, fundi airudishe tena kidogo zaidi ya hapo.