Kiti Mwendo cha Umeme: Jifunze Kwanza Kusimama

Kiti mwendo cha umeme kikiingia nyumbani, ndugu na majirani huulizia kasi yake. Mimi ningependa waulize kinasimamaje.

Kiti hiki hakina breki ya mguu. Mwendeshaji hutumia kijiti kilichoko kwenye kidhibiti, kile kisanduku kidogo kando ya mkono. Ukikisukuma kidogo, kiti kinakwenda taratibu. Ukizidisha, kinaongeza mwendo. Ukikiachia, kijiti hurudi katikati na kiti husimama. Hapo breki zilizo kwenye mota hujifunga zenyewe. Springi ndiyo inayozifunga na umeme ndio unaozifungua, kwa hiyo hata betri ikiisha mlimani kiti hakirudi nyuma. Tatizo ni kwamba mtu akishtuka hukaza mkono. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza, uwanjani pasipo watu na kasi ikiwa chini kabisa, yawe ya kuachia kijiti, tena na tena, mpaka mkono uzoee.

Karibu na mota kuna vyuma vya kuweka kiti fri ili kisukumwe. Kiti kikiwa fri hakina breki hata kidogo. Usiviguse mkiwa kwenye mteremko, na anayesukuma asiache kiti kabla hajavirudisha.

Hatari nyingine hutokea kiti kikiwa kimesimama. Mama anainama kumhamishia mwanawe kitandani, ncha ya kanga inanasa kijiti, kiti kinaruka mbele na kumgonga miguu. Kabla ya kumhamisha mtu, zima. Ila usizime kiti kikiwa mwendoni, maana kitasimama ghafla na kumrusha asiyefunga mkanda. Kuzima hivyo ni kwa dharura tu, kijiti kikigoma kurudi.

Hapa kwetu Singida kuna mambo yake. Kando ya lami ya Dodoma–Singida–Nzega, yenye malori ya masafa marefu, kuna mchanga na changarawe ambamo magurudumu madogo ya mbele huzama. Usilazimishe, maana mota zitachemka na kidhibiti kinaweza kukata umeme. Rudi nyuma taratibu, uombe msaada. Mwinuko upande ukiutazama moja kwa moja. Ukiukata kwa ubavu unaweza kupinduka. Mvua zikianza, funika kidhibiti kwa mfuko wa plastiki, na usioshe kiti kwa mpira wa maji.

Kuhusu chaja nasisitiza. Kiti kilichotoka Marekani kinaweza kuja na chaja ya volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka bila kusoma kibandiko chake, inaweza kuungua na kuwasha moto. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine hupokea zote mbili. Viti vingi hutumia betri mbili za volti 12. Kama ni za risasi, zichaji kila usiku wa siku uliyotembea, mahali penye hewa. Zikilala tupu mara kwa mara zitakufa mapema. Umeme ukikatika usiku, angalia taa ya chaja asubuhi kabla hujatoka.

Taa ya kidhibiti ikipepesa, kiti kina hitilafu. Hesabu mipepeso, umwambie fundi, na usikifungue mwenyewe. Chuo cha TATCOT, kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viti mwendo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, ingawa uliandikwa kwa viti vya kusukuma kwa mikono, unataja hatua 8 za kumpatia mtu kiti, na mojawapo ni kumfundisha mtumiaji. Nawaomba wafadhili, makanisa, misikiti na halmashauri zetu: siku ya kukabidhi kiti, baada ya picha, mtafuteni fundi akae na mwenye kiti pamoja na familia yake walau nusu siku. Msimwachie kiti kabla hajaweza kukisimamisha mwenyewe.