Kuchonga na Kuunganisha: Sanamu za Freddy Tsimba na Hifadhi ya Kumbukumbu Wilayani Rusizi

Makala haya yanafafanua mbinu ya Freddy Tsimba, msanii aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967, na umuhimu wake kwa sera ya kumbukumbu wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda.

Neno lililozoeleka, uchongaji, halielezi kazi yake. Mchongaji hupunguza gogo hadi umbo lijitokeze; Tsimba huongeza. Alihitimu katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa mwaka 1989, kisha akajifunza kwa mafundi wa kuyeyusha na kuchomelea chuma. Maganda ya risasi, vijiko, funguo na mapanga ndiyo malighafi yake. Kwa mbali, mtazamaji humwona mama mjamzito au kiwiliwili kisicho na kichwa. Akikaribia, mwili huo hutawanyika machoni pake ukawa vipande, kila kimoja kikiwa bado na alama ya kazi yake ya awali. Udhahania wa sanamu hizi umo humo: uso ukikosekana, hazimwakilishi mtu mmoja, na chuma chenyewe ndicho kinachosimulia.

Rusizi ina historia inayoipa hoja hii uzito. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya walionusurika walikusanywa katika kambi ya Nyarushishi. Ng'ambo ya mto, Bukavu iliingia vitani mwaka 1996. Kwa wakazi wa mpaka huo, panga au ganda la risasi si sitiari.

Hata hivyo, kuunganisha kuna gharama. Ganda likishachomelewa hupoteza mahali lilipookotwa na vitu lililokuwa navyo. Linabaki sanaa, lakini si ushahidi tena. Ndiyo maana nguo za wahanga katika kanisa la Nyamata, mojawapo ya maeneo manne ya kumbukumbu ya Rwanda yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, huhifadhiwa kama nguo, wala hazigeuzwi kitu kingine.

Sera inayofaa, basi, itenganishe mambo mawili. Vitu vilivyotoka katika maeneo ya mauaji visajiliwe na kuhifadhiwa vilivyo. Wasanii watumie vitu vya aina hiyohiyo kutoka sokoni au kwa wauza vyuma chakavu, baada ya kushauriana na manusura. Kwa njia hiyo sanaa itasema bila kunyamazisha ushahidi.