Kigari kimekuwa jigari: je, ni kile kile?

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alinijia ofisini baada ya mhadhara, uso ameukunja kama mtu aliyedhulumiwa. Nilidhani amekuja kulalamikia alama za insha. Kumbe sivyo. "Mwalimu," akaniambia, "wewe hutufundisha kwamba lugha kubadilika si kuharibika, na kwamba anayelilia Kiswahili cha zamani hajaielewa isimu. Mbona basi jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kuwa Porsche 911 ya siku hizi si 911 tena?"

Nilinyamaza. Kijana alikuwa amenishika pabaya.

Sina budi kukiri mbele ya wasomaji kwamba mimi ni shabiki wa gari ambalo sijawahi kulimiliki na wala sitarajii kulimiliki. Mshahara wa mhadhiri mnaujua. Ushabiki huu niliurithi kwa marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1974 alisimama kando ya barabara ya vumbi kuyatazama magari ya Safari Rally yakipita. Mwaka huo Joginder Singh, Mkenya mwenzetu, alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo, naye Björn Waldegård wa Uswidi akawa wa pili kwa 911. Baba alimshangilia Joginder kwa sauti, lakini moyo wake uliondoka na lile gari la pili. Alizoea kutusimulia kuwa lilikuwa kama chura mwenye hasira: dogo, limeinama, injini yake inanguruma nyuma badala ya mbele. Nami sikuliona siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa sijazaliwa, lakini nimelibeba kichwani hadi leo.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963, likiitwa 901. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikalalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sufuri katikati ni yake, na mwaka uliofuata Porsche wakaibadilisha sufuri ile kuwa moja. Lilikuwa na urefu wa milimita 4163, upana wa milimita 1610 na uzani wa takriban kilo 1080. Sasa chukua 911 Carrera ya kizazi kilichozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2018: urefu milimita 4519, upana milimita 1852, uzani zaidi ya kilo 1500. Jina ni lile lile. Umbo ukilitazama kwa mbali ni lile lile pia: taa mbili za mviringo, paa linaloteremka taratibu hadi nyuma. Lakini yaegeshe mawili hayo sambamba, nawe utadhani mmoja ni mzazi na mwingine ni mtoto, ila mzazi ndiye mdogo.

Mashabiki wanasemaje? Wamegawanyika, na ugomvi wao ni mkali kuliko wa wanasarufi. Ulipowadia Septemba 2025 na Porsche wakaonyesha Turbo S mpya mjini Munich, yenye mfumo mseto wa petroli na umeme, kundi moja lilitazama uzani kwanza: takriban kilo 1725, yaani kilo 85 zaidi ya ile iliyoitangulia. Hao wakasema mchezo umekwisha. Hili ni gari la kusafiria kwa starehe lililovaa jezi ya mwanariadha. Kundi la pili likajibu kwa saa ya mkononi. Gari hilo nene lilizunguka njia ya Nürburgring kwa muda wa dakika 7 na sekunde 3.92, likiwa limepunguza takriban sekunde 14 kutoka muda wa mtangulizi wake. Mnene gani huyo, wakauliza, anayemshinda mwembamba mbio?

Tena kuna wanaolia juu ya mambo madogo, nao nawaelewa zaidi. Katika marekebisho ya mwaka 2024 kampuni iliiondoa ile saa ya katikati ya dashibodi, yenye mshale halisi wa kuonyesha mizunguko ya injini, ikaweka kioo kitupu cha umeme. Mahali pa kuzungusha mkono ili kuwasha gari pakawekwa kitufe. Kwa asiye shabiki huo ni upuuzi. Kwa shabiki ni kama kuondoa salamu mwanzoni mwa barua.

Hapa ndipo isimu iliponijia, msomaji uniwie radhi. Kila mtahiniwa wa kidato cha nne amewahi kutakiwa kuandika sentensi katika hali ya ukubwa au udogo: mtu akawa jitu au kijitu, nyumba ikawa jumba au kijumba, ndege ikawa dege. Neno gari, ambalo tulilipokea kutoka Kihindi, limejiketia katika ngeli ya LI-YA, makao yale yale ya majina ya ukubwa. Ndiyo maana watahiniwa huduwaa wanapoambiwa walikuze. Lakini jambo ambalo aghalabu hatulifundishi vya kutosha ni kwamba ukubwa katika Kiswahili si kipimo tu. Ni hukumu. Jumba ni sifa. Mwenye jumba huonewa wivu. Jitu ni tisho. Vilevile udogo una sura mbili: kitoto huweza kuwa cha kupendwa, na kijitu ni cha kudharauliwa. Wanaobishana juu ya Porsche hawabishani juu ya milimita, maana milimita zimeandikwa na kila mtu anaziona. Mmoja akitazama ule upana huona jumba, mwingine huona jitu.

Basi nikamwambia yule kijana kuwa lazima tutenganishe malalamiko mawili ambayo mashabiki huyachanganya.

La kwanza ni la sura. Mwaka 1997 lilitoka 911 la kizazi kilichoitwa 996. Injini iliyokuwa ikipozwa kwa hewa tangu 1963 sasa ilipozwa kwa maji, na taa za mbele zikaunganishwa na taa za ishara katika kioo kimoja kilichochuruzika upande wa chini. Mashabiki waliziita mayai ya kukaanga. Walikasirika kana kwamba kaburi limefukuliwa, na kizazi kilichofuata, cha mwaka 2004, kikarudisha taa za mviringo. Lakini leo wapo vijana wanaoitafuta 996 kwa hamu, na mayai yale wanayaona mazuri. Malalamiko ya namna hii ni ya mazoea. Ndiyo yale yale ya mzee anayechukia neno jipya ambalo mjukuu wake atalitumia hadi uzeeni bila kujua kwamba liliwahi kuwa jipya. Hapa mwanafunzi wangu ana haki, nami sina.

La pili ni la ukubwa, na hili muda hauliponyi. Neno jipya halimsukumi jirani yake. Kamusi hupanuka kurasa, wala hakuna anayekosa pa kukaa. Lakini gari hupimwa kwa kitu kisichokua pamoja nalo: lango, kichochoro, mstari uliochorwa kwa rangi nyeupe. Nafasi ya kuegesha iliyozoeleka Uingereza ina upana wa mita 2.4. Liweke katikati yake 911 la mwaka 1963, nawe utabakiwa na sentimita 39 kila upande za kufungulia mlango. Weka la leo, zinabaki 27. Wala si magari ya spoti peke yake. Shirika la Transport & Environment lilieleza mwezi Januari 2024 kwamba wastani wa upana wa magari mapya ya Ulaya umepita sentimita 180, na kwamba huongezeka kama sentimita moja kila baada ya miaka miwili.

Nisionekane namlaumu fundi bure. Kilo nyingine zililetwa na sheria, na nyingine zimeokoa maisha. Ilipofika miaka ya mwanzo ya sabini, Marekani ilidai bampa zivumilie mgongano wa mwendo wa maili 5 kwa saa, na 911 la 1974 likarefuka hadi milimita 4291. Kisha zikaja rejeta, mifuko ya hewa, vichujio vya moshi, matairi mapana yaliyodai madigadi mapana, na sasa betri. Hata hivyo nakataa hoja kwamba unene ni majaaliwa. Mazda ya Japani ilianza kuuza kigari chake MX-5 mwaka 1989. Kizazi cha nne, kilichoonyeshwa mwaka 2014, kina urefu wa milimita 3915, kifupi kuliko cha kwanza! Wahandisi walihesabu gramu kwa gramu. Kwa hiyo aliyetaka aliweza. Kwamba wengine hawakutaka ni kwa sababu wanunuzi wao hulipia nafasi, ukimya na nguvu, na shabiki wa kando ya barabara, kama baba, ana sauti lakini hana hundi.

Mwanafunzi alisikiliza yote haya kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na Waldegård, Mwalimu, alipata kushinda huku kwetu kwa 911?"

Alishinda, nikamjibu. Si katika ile Safari ya ubingwa wa dunia, ambayo 911 haikupata kuishinda, bali katika East African Safari Classic Rally ya mwaka 2011, mashindano ya magari ya zamani, kwa 911 la umbo lile la zamani. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Akacheka. Nimempa kazi ya kuandika insha kuhusu hali ya ukubwa na hukumu zilizomo ndani yake. Amekubali kwa sharti moja: akiandika "jigari", nisimkate alama.