Deni Mbele, Gawio Nyuma: Wanahisa wa Umeme kutoka Ghala hadi Pentland Firth

Katika eneo la Ghala, wilaya ya Bawshar jijini Maskati, ambako karakana za magari, maduka ya vipuri, bohari za bidhaa na ofisi za makandarasi zimesongamana, umeme ni gharama inayohesabiwa kwa saa na kwa msimu. Tangu Januari 2017, taasisi ya serikali, duka kubwa au kiwanda kilichotumia zaidi ya megawati-saa 150 kwa mwaka hakiuziwi tena umeme kwa bei ya ruzuku, bali kwa bei inayofuata gharama halisi ya kuuzalisha na kuusafirisha. Na bei hiyo, mchana wa kiangazi viyoyozi vyote vinapounguruma, hupanda mara kadhaa juu ya ile ya miezi ya baridi. Mwenye chumba cha kuhifadhia samaki au dawa ana sababu ya wazi ya kuulizia betri zinazojazwa umeme saa za bei nafuu na kuutoa saa za bei kali. Mtu huyohuyo, akiwa na akiba ya kuwekeza, hukutana na umeme kwa upande wake wa pili, yaani hisa za kampuni zinazouzalisha, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Oman iliwatangulia majirani zake wa Ghuba kuwaachia wawekezaji binafsi kazi ya kuzalisha umeme, kwani mtambo wa Manah, ulioanza kazi mwaka 1996, ndio uliokuwa wa kwanza wa aina hiyo katika eneo zima. Amri ya Kifalme namba 78 ya mwaka 2004 ndiyo iliyoupanga upya mfumo mzima: ikaweka msimamizi wa sekta na mnunuzi mmoja, ambaye leo anaitwa Kampuni ya Nama ya Ununuzi wa Umeme na Maji, ili kila mzalishaji amuuzie yeye peke yake kwa mkataba wa miaka mingi. Waanzilishi wa miradi walitakiwa pia kuuza sehemu ya hisa zao kwa umma, na hivyo ndivyo Al Suwadi Power na Al Batinah Power, zenye mitambo ya gesi iliyoanza kazi kamili mwaka 2013 huko Barka na Sohar, zilivyoingia sokoni mwaka 2014, zikafuatwa mwaka 2015 na Phoenix Power, yenye mtambo wa megawati 2,000 huko Sur. Kwa mwenye akiba ndogo, zikiwemo familia nyingi za Maskati zilizorejea kutoka Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, hisa hizi zilionekana kuwa na sifa ya kodi ya nyumba: mpangaji ni mmoja, ni serikali, na hahami kabla ya miaka kumi na mitano.

Nyumba hiyo, hata hivyo, ilijengwa kwa fedha za benki. Kampuni ya namna hii huanzishwa kwa kazi moja tu na hukopa kwa utaratibu wa mkopo wa mradi, ambapo mkopeshaji hamdai mwanzilishi bali hutegemea mapato ya mtambo wenyewe, na kwa kuwa mapato hayo yamefungwa na mkataba, benki hukubali kubeba sehemu kubwa kabisa ya gharama, mara nyingi robo tatu au zaidi. Sehemu kuu ya mapato ni malipo ya utayari, yaani fedha anazolipa mnunuzi kwa sababu mtambo upo tayari kuwashwa, hata siku ambayo hauhitajiki. Fedha zikishaingia hushuka kwa daraja zilizoandikwa mapema: kwanza gharama za uendeshaji, kisha riba, kisha sehemu ya deni lenyewe, kisha akiba ya matengenezo, na kinachobaki chini kabisa ndicho huitwa gawio. Riali ya Oman imefungwa na dola tangu miaka ya 1970, na kwa kiwango kilekile tangu 1986, kwa hiyo mkopeshaji wa ng'ambo haogopi kuanguka kwa sarafu, hofu ambayo huongeza bei ya kila mkopo wa umeme Nairobi au Dar es Salaam.

Kifungu kinachosahaulika katika mikataba hii ni kile kinachoruhusu kufagia fedha. Mikopo mingi ya miradi hupangwa hivi kwamba sehemu ya deni hubaki hadi mwisho, kwa matumaini kuwa itakopewa upya kwa masharti nafuu. Tarehe fulani ikipita bila deni kukopewa upya, mkopeshaji hupewa haki ya kuchukua takribani fedha zote zinazobaki, na gawio husimama hata kama mtambo unafanya kazi vizuri na faida inaonekana vitabuni. Wanahisa wa Sohar Power, ambayo mtambo wake wa megawati 585 ulianza kazi kamili mwaka 2007, walilijua jambo hili kwa kukosa gawio huku kampuni ikitangaza faida. Faida ya vitabuni ni hesabu ya mhasibu, ilhali gawio hutoka kwenye fedha taslimu ambazo hakuna mwingine aliyetangulia kuzidai.

Tishio la pili ni umri wa mkataba. Mtambo wa gesi ukitunzwa huweza kufanya kazi miaka thelathini au zaidi, lakini mkataba wa kwanza ni wa nusu ya umri huo, na kwa muda mrefu soko liliuchukulia upyaishaji wake kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mnunuzi alipoanza kuishindanisha mitambo iliyokaribia kumaliza mikataba, na hasa lilipofunguliwa mwaka 2022 soko la umeme la papo kwa papo, ambalo huuza umeme kwa bei ya kipindi kilekile bila mkataba mrefu, ilibainika kuwa mtambo usio na malipo ya utayari ni mali yenye thamani ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mikataba ya Al Suwadi na Al Batinah inafika mwisho mwaka 2028, na wa Phoenix unafuata mwaka 2029.

Hesabu hizi zinasaidia kuisoma kampuni iliyo mbali sana na Ghala, inayovutia wenye hisa wa aina nyingine, wale wanaopenda teknolojia kuliko gawio. SAE Renewables, yenye makao yake Edinburgh na hisa zake kwenye soko la AIM la London tangu mwaka 2014, zamani ikiitwa Atlantis Resources kisha SIMEC Atlantis Energy, ndiyo inayoendesha mradi wa MeyGen katika mlango wa bahari wa Pentland Firth, kaskazini mwa Scotland. Huko mitambo minne ya megawati moja na nusu kila mmoja imewekwa chini ya bahari na huzungushwa na mkondo wa maji yanapojaa na kupwa. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu: mkondo huwa mkali wakati wa bamvua na hulegea wakati wa maji mafu, na ratiba yake hujulikana miaka mbele, jambo ambalo upepo na jua haviwezi kulidai. Awamu hiyo ya kwanza iliingia kipindi cha uendeshaji cha miaka 25 mwaka 2018, na mwaka 2025 ikatangazwa kuwa mtambo mmoja umekaa zaidi ya miaka sita chini ya maji bila kuhitaji matengenezo ya dharura. Kihandisi, hilo ni jambo kubwa.

Kibiashara, megawati sita hazitoshi kubeba deni la kampuni. Mwaka 2018 kampuni iliuchukua mtambo wa makaa wa Uskmouth, kusini mwa Wales, kwa nia ya kuugeuza uchome vidonge vilivyotengenezwa kwa taka. Mpango ukaachwa mwaka 2022 baada ya kula fedha na miaka. Hesabu za mwaka za kampuni zilibeba onyo la shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli, ambalo halina maana kuwa kampuni imefilisika, bali kwamba bila fedha mpya au deni kusogezwa mbele haiwezi kuhesabiwa kuwa itazilipa ahadi zake. Kilichoiokoa ni ardhi: uwanja wa mtambo wa makaa una laini nene za gridi, kitu adimu Uingereza, na betri zinahitaji gridi kuliko kitu kingine chochote. Kampuni ikaanza kuwapa waendelezaji wengine nafasi hapo, ukiwemo mradi wa betri wa megawati 230, na kupata malipo ya maendeleo na pango. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, ingawa ina maana kuwa mwanahisa aliyenunua ndoto ya betri ameuziwa zaidi kiwanja kuliko betri.

Matumaini yaliyobaki yamo baharini. Kati ya mwaka 2022 na 2024 MeyGen ilishinda katika minada ya serikali ya Uingereza mikataba ya megawati 28, 22 na 9, kwa bei iliyohakikishwa miaka 15 na kupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Ile ya mwaka 2022 ilikuwa pauni 178.54 kwa megawati-saa, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Unafanana na ule wa Barka au Sur kwa kuwa ni wa miaka mingi, ila una tofauti kubwa: mtambo wa Barka ulipata mikopo ya kujengea kwa msingi wa mkataba wake, ilhali MeyGen ina mkataba na bado inahitaji mtaji wa kujengea. Mtaji huo ukija kwa hisa mpya, mwanahisa wa zamani atapunguziwa fungu lake; ukija kwa mkopo, benki itasimama mbele yake katika daraja za malipo. Atakayeshangilia bei ya pauni 178 bila kuuliza ni nani atakayezipokea kwanza amesoma nusu ya tangazo.

Oman haina mkondo wa bahari wa kulinganishwa na Pentland Firth. Njia yake kuu ni jua, kwa lengo la kupata asilimia 30 ya umeme kutoka vyanzo jadidifu ifikapo 2030. Ibri II ya megawati 500 ilifuatwa na Manah 1 na Manah 2 za ukubwa huohuo, na katika Ibri III, pia ya megawati 500, ndipo betri kubwa ya gridi inapoingia kwa mara ya kwanza: megawati-saa 100, zinazotosha kutoa moja ya tano ya nguvu za kituo kwa saa moja jua likishatua. Betri ya aina ya ile ya Wales hununua umeme ukiwa rahisi na kuuza ukiwa ghali, kwa hiyo tofauti ya bei ni ya mwenye betri pamoja na hasara yake. Ya Ibri italipwa kwa mkataba wa mnunuzi mmoja, jambo lililo salama zaidi lakini lisilo na faida kubwa. Lakini wenye Ibri III ni Masdar ya Abu Dhabi, Korea Midland Power, OQ Alternative Energy ya serikali ya Oman na Al Khadra Partners, wala hakuna hisa ya mradi huo inayoweza kununuliwa leo kwenye Soko la Hisa la Maskati. Mwenye akiba wa Ghala anayetaka kuwekeza kwenye umeme nyumbani atapata hasa hisa za mitambo ya gesi, kama ile ambayo mikataba yake inaisha mwaka 2028, wakati betri itakayopunguza haja ya mitambo hiyo jioni inajengwa kwa fedha za watu wengine.